Vekta moja, vijenzi tofauti: naomba kueleweshwa

Kipeuo: Wakuu, habari zenu. Nimeanza aljebra ya mstari na nimekwama mapema. Vekta (3, 4) naielewa: 3 kulia, 4 juu, na kwa kanuni ya Pythagoras ukubwa wake ni 5. Sasa kitabu kinasema vekta hiyohiyo inaweza kuandikwa (3.5, −0.5). Inawezekanaje? Naomba mnieleweshe taratibu.

Nyuzi90: Mkuu, mshale wenyewe haujaguswa, zimebadilika vekta za msingi. Ukiandika (3, 4) umeshakubali kupimia kwa (1, 0) na (0, 1): ya kwanza mara 3, ya pili mara 4, unajumlisha. Vijenzi ni hizo "mara ngapi" basi. Kitabu chako nadhani kimetumia (1, 1) na (1, −1). Ya kwanza mara 3.5 inakupa (3.5, 3.5). Ya pili mara −0.5 inakupa (−0.5, 0.5). Jumlisha uone.

Kipeuo: Nimepata (3, 4), asante sana! Lakini nikitafuta ukubwa kwa vijenzi vipya, 3.5 na 0.5 kwa kipeo cha pili zinatoa jumla ya 12.5. Kipeuo chake cha pili hakifiki hata 4. Ile 5 imekwenda wapi?

Tarakimu: Hapo umeuliza jambo la maana kuliko swali la kwanza. Pythagoras hutumika moja kwa moja juu ya vijenzi pale tu vekta za msingi zinapokutana kwa nyuzi 90 NA kila moja ina urefu wa 1. Hizo zako zinakutana kwa nyuzi 90, sawa, ila kila moja ina urefu wa kipeuo cha pili cha 2. Kwa hiyo zidisha 12.5 kwa 2. Unapata 25, na kipeuo chake ni 5.

Mshale: Naongezea kidogo kwa wanaokutana na vekta kwenye fizikia. Usikariri kwamba kijenzi cha x ni kosaini siku zote. Nguvu ya niutoni 10 ikiwa nyuzi 30 kutoka mhimili wa y, kijenzi chake cha x ni 10 × saini 30, yaani 5. Ukitumia kosaini utapata 8.66, ambacho ni kijenzi cha y. Chora pembetatu kwanza, uone pembe imepimwa kutoka wapi.

Kipeuo: Nimewaelewa. La mwisho: 3.5 na −0.5 ningezipataje mwenyewe?

Nyuzi90: Ziite a na b. Safu ya x inasema a + b = 3, ya y inasema a − b = 4. Jumlisha milinganyo yote miwili: 2a = 7, basi a ni 3.5 na b ni −0.5. Ukimaliza, rudia kwa (1, 1) na (2, 2). Utapata a + 2b = 3 na papo hapo a + 2b = 4, kitu kisichowezekana, kwa sababu vekta hizo mbili zimelala kwenye mstari mmoja na (3, 4) iko nje ya mstari huo.