Mrejesho: kusali kwa kusoma Neno polepole

Shikamooni wakubwa. Niliwauliza nifanyeje, maana sala yangu ilikuwa maneno yaleyale, haraka haraka nikalale. Mkanishauri lectio divina, yaani kusoma Biblia kwa sala, wanayoishika watawa Wabenedikto kama wale wa Ndanda: soma, tafakari, sali, kisha tulia mbele za Mungu.

Nimeanza na Zaburi ya 23, alfajiri, kabla ya kwenda kuokota korosho huku Newala. Wiki nzima sijavuka mstari wa kwanza! “Sitapungukiwa na kitu.” Nilikwama hapo kwa sababu mwaka huu nimepungukiwa na mengi. Nikamwambia Mungu hivyo hivyo, nikalia. Muda mrefu sikuwa nimesali kweli namna ile.

Kutulia bado kunanishinda. Aliyesema nirudie neno moja taratibu, asante sana, linanirudisha.

Kesho naingia mstari wa pili.