Kadi ya ulemavu anayo, mbona pesa za Inua Jamii hazimfikii?

Mama Salma, Kilifi
Salaam, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka tisa ana mtindio wa ubongo. Haketi wala hajilishi, na usiku humgeuza ubavu huu na ule ili asipate vidonda. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anayo, lakini katika nyumba yetu anayelipwa ni mama mkwe wangu peke yake, kwa fungu la wazee la Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Je, kadi hiyo haimpi mtoto haki ya kulipwa?

Mstaafu wa Ustawi
Mama Salma, kadi husajili ulemavu uliothibitishwa na madaktari wa hospitali ya serikali, basi. Ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi ina maombi yake: hulenga mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa saa zote, katika kaya maskini, na vigezo vinataka kaya hiyo isiwe inapokea ruzuku nyingine ya aina hiyo. Nashuku hapo ndipo mlipokwama. Hata hivyo, fika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, usiishie kwa chifu, uulize kama jina la mtoto limo katika orodha na ni nani aliyeandikwa kuwa mlezi, kwa sababu malipo hupitia kwa mlezi. Nimeona majalada yaliyolala miaka kwa kuwa mlezi aliyeandikwa ni nyanya aliyekwisha kufariki.

Msomaji wa Sheria
Kigezo hicho cha kaya kutopokea ruzuku nyingine ndicho kibaya, kwa maoni yangu. Pesa za bibi ni za uzee wake. Hazikukusudiwa kununua nepi za mtoto wa miaka tisa wala kulipa bodaboda ya kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, sembuse kufidia kazi ambayo mama ameiacha ili abaki nyumbani. Afrika Kusini ruzuku ya malezi ya mtoto mwenye ulemavu huhesabiwa kwa mtoto mwenyewe hadi atimize miaka 18, inazidi randi 2,000 kwa mwezi, na nyanya anayeishi naye huendelea kupokea ya uzee. Wao pia hupima kipato cha wazazi, lakini hawamnyimi mtoto kwa sababu ya bibi yake. Nasi Kenya tuliuridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 28 kinataja familia maskini na gharama zitokanazo na ulemavu.

Mama Salma, Kilifi
Ahsanteni. Na wakinijibu kwa mdomo tu kwamba haiwezekani?

Mstaafu wa Ustawi
Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Nenda na kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ripoti ya hospitali, na uhakikishe jina lake limeandikwa vilevile katika karatasi zote.