Mnaotumia dawa za moyo, Lasix ile ya kukojoza maji mnaimeza saa ngapi kama unatoka Kimara kwenda Kariakoo?

muuza_mapazia
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja, mimi moyo umetanuka, niligundulika mwaka jana baada ya kuhangaika na miguu kuvimba nikidhani ni kusimama dukani kutwa. Eko, ile ultrasound ya moyo, ikasoma EF 35. Saivi nipo kwenye Lasix, spironolaktoni, enalapril na kale kengine ka kupunguza mapigo, na kweli nimepata nafuu, ngazi za dukani napanda bila kusimama katikati.

Kinachonishinda ni maisha yenyewe sasa. Nikimeza Lasix alfajiri kabla sijatoka, tukifika Ubungo tu mkojo ushabana na mwendokasi imejaa hata kugeuka huwezi, unafikiria ushuke halafu ukishuka kupanda tena ni vita nyingine, nimefika mahali nataka niwe naimeza wikiendi tu. Pili ni hili joto la Dar. Daktari kasema lita moja na nusu kwa siku, chai na supu humo humo, mimi saa 7 mchana nishamaliza zangu. Tatu vipimo, kila kliniki naandikiwa damu ya figo na potasiamu ila eko hawanirudishii, nikiuliza naambiwa bado. Si eko ndo inaonyesha moyo? Figo zinaingiaje hapa na mimi bima sina, natoa keshi? Na hiyo 35 ina maana moyo umebaki asilimia 35? Maana wife tangu aisikie hiyo namba hataki hata nibebe ndoo ya maji.

mama_wa_tandika
Pole kaka yangu. Usije ukaifanya ya wikiendi hiyo dawa, maji yatajaa mapafuni na ukilala chali utaona. Lasix ukiimeza inaanza kazi ndani ya saa moja na inakaa kama masaa sita hivi, kwahiyo sio lazima iwe alfajiri. Mimi nilimwambia daktari wangu wazi kwamba napanda daladala mbili, akasema basi ibebe, meza ukishafika kazini. Nameza saa 2 nikiwa jirani na choo na ikifika saa 8 nimetulia zangu. Ila ongea na wako kwanza, na ukipewa dozi ya pili isivuke alasiri, la sivyo usingizi utausikia kwa jirani.

Kiu sasa. Chukua ile chupa kubwa ya lita moja na nusu, ijaze asubuhi uiweke mezani. Ukinywa kikombe cha chai, mimina kikombe hicho hicho kutoka kwenye chupa weka kwenye mtungi. Ukila supu, fanya hivyo hivyo. Unachokiona kwenye chupa ndo kilichobaki, hakuna kubishana na mtu. Mdomo ukikauka sukutua uteme, au nyonya kipande cha ndimu, au barafu kidogo (barafu nayo ni maji jamani, ihesabu!). Halafu angalia chumvi, watu tunalaumu joto kumbe mchana umekula chips na kachumbari ya chumvi tupu, au ng'onda, au vile vidonge vya mchuzi. Hapo hata ungepewa pipa kiu haikati.

zamu_ya_usiku
Nipo kwenye mambo ya afya ila simuoni mgonjwa kwahiyo haya usiyafanye kuwa ndo kliniki yako.

Hiyo 35 sio kwamba moyo umebaki theluthi. Chumba cha kushoto kikijaa damu, kila kikipiga kinasukuma nje asilimia 35 ya ile damu iliyomo. Hata moyo mzima kabisa hausukumi yote, kawaida ni kama 55 hadi 70. Mwambie shemeji hiyo namba isomwe hivyo, na wapo wengi inapanda wakitumia dawa vizuri.

Ndo maana eko hairudiwi kila mwezi, dawa zinahitaji muda kuujenga moyo, kwa kawaida wanasubiri miezi mitatu na kuendelea baada ya dozi kukaa sawa, au kama hali imebadilika. Damu ni habari nyingine. Enalapril na spironolaktoni zote mbili zinafanya potasiamu ibaki mwilini, Lasix inaitoa, na zote zinapita kwenye figo. Potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kuvuruga mapigo na wewe usihisi chochote kabla. Kawaida ni kama 3.5 hadi 5. Kwahiyo kama hela ni ya kuchagua, hasa wiki moja au mbili baada ya kuongezewa dozi, hicho cha damu usikiruke hata kidogo.

Na kipimo ambacho hulipii ni uzito. Asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, nguo nyepesi, andika kwenye daftari. Ukiona zaidi ya kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu hayo sio mafuta ni maji, piga simu kliniki usisubiri tarehe. Bonyeza na ugoko kwa kidole, kikiacha shimo andika pia. Kuhema ukiwa umekaa tu, kifua kubana au kuzimia, hiyo sio ya daftari, nenda emagensi.

kijana_wa_madafu
Wakuu mnamjaza dawa tu. Anywe dafu mbili kila siku na ndizi mbivu, linasafisha figo na kushusha presha, mzee wangu ana miaka 80 anatumia hilo hilo

zamu_ya_usiku
Mzee wako Mungu amtunze ila huyu yuko kwenye spironolaktoni na enalapril. Dafu limejaa potasiamu, na ni maji yale yale anayohesabiwa. Mara moja moja amuulize daktari akiwa na majibu ya damu mkononi, sio mbili kila siku. Zile chumvi mbadala za supamaketi pia, nyingi ni potasiamu tupu.

muuza_mapazia
Aisee dafu ndo nilikuwa najipongezea kila jioni pale Msimbazi 😅 Asanteni sana, chupa naanza kesho. Swali dogo, mgongo ukiuma najinunulia diklofenaki duka la dawa, iko sawa? Na uzito naweza kupima kwa wale vijana wa mizani barabarani?

zamu_ya_usiku
Diklofenaki na brufeni hapana, zinashika maji na kuumiza figo. Panadol, na duka la dawa ujitambulishe kwanza kwamba unaumwa moyo.

mama_wa_tandika
Wale vijana utapima saa 10 jioni na viatu na wali tumboni, kesho mizani nyingine inakwambia kingine. Nunua yako kaka, hata ya mtumba, mradi iwe hiyo hiyo kila siku na iwe juu ya sakafu sio zulia. Ya kwangu inazidisha kilo nzima na daktari anajua, anaangalia inapanda au inashuka.