Kliniki iliniambia "siku tatu tu". Leo ni wiki ya 6, bado nakaa upande mmoja

Dada zangu, wenye haya mnisamehe, leo nataja vitu kwa majina yake.

Nimefanyiwa ule upasuaji wa kupunguza midomo ya ndani ya uke. Nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, kwa hiyo wa kucheka acheke kwanza ndipo tuendelee. Nauza vitenge soko la Kikuubo, hapa Kampala, nashinda juu ya kigoda tangu saa mbili asubuhi. Hilo nilimwambia daktari kabla hajanigusa. Akanijibu: "Nnyabo (yaani mama), leo Ijumaa, Jumatatu uko dukani."

Jumatatu! Jumatatu nilikuwa nimelala chali na barafu iliyofungwa kwenye taulo, na kila nikienda haja ndogo nang'ata ncha ya leso nisiamshe watoto. Halafu siku yenyewe ya upasuaji waliniachia nirudi nyumbani kwa boda. Ganzi ilikuwa bado inafanya kazi, sikujua ninachojifanyia mpaka tulipofika mashimo ya Wandegeya.

Siku ya tano nyuzi za kushoto zikafumuka, usaha na harufu. Napiga simu: "Ni kawaida hiyo." Natuma picha, alama za bluu zinawaka, jibu hakuna.

Aliyenieleza ukweli ni mkunga wa kituo cha afya cha mtaani, bure, huku ananisafisha kidonda. Kwamba tendo la ndoa husubiri wiki 4 hadi 6, na kidonda kikifumuka ni zaidi. Boda marufuku, suruali ya kubana marufuku. Kukalia maji ya uvuguvugu, kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, na uvimbe wenyewe unaweza kuchukua miezi kutulia. Damu inaweza kuvilia ndani. Kovu linaweza kukaza ukaumia ukiwa na mume, au mahali pale pakafa ganzi. Na wakikata kupita kiasi, hakioti tena. Haya yote nayasikia baada ya kukatwa! Karatasi niliyotia sahihi ilikuwa ukurasa mmoja, robo tatu yake ni habari za malipo.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Nilipokuwa binti mdogo ssenga, yaani shangazi, alitupeleka "kutembelea kichaka", tuvute hiyo hiyo midomo iwe mirefu, la sivyo hatutaolewa. Leo kijana mwenye koti jeupe ananiambia "imezidi". Imezidi nini? Hakushika hata rula. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50: upana wa midomo ya ndani ulianzia milimita 7 mpaka 50. Wote maumbile ya kawaida. Hayo nimeyasoma nikiwa kitandani, pesa zimeshaliwa.

Tena hapa Uganda kuna sheria ya 2010 ya kupiga marufuku ukeketaji. Ngariba wa Kapchorwa, kule mashariki, akikata anafungwa. Sheria inasema ni kuondoa sehemu za nje za siri za mwanamke bila sababu ya tiba. Mimi sikuwa na ugonjwa, sikuwa na maumivu, ila picha nilizoziona kwenye simu. Sasa wanasheria mlioko humu, nielezeni tofauti iko wapi, ni risiti? Simlinganishi mtu mzima aliyejilipia na binti aliyeshikwa miguu kwa nguvu, msinirukie. Nauliza tu ile "sababu ya tiba" yangu iliandikwa wapi.

Nilirudi kuomba faili langu. Mhudumu wa mapokezi akasema faili ni mali ya kliniki. Nikaomba nirudishiwe angalau pesa ya dawa, akaniambia nilikaa vibaya ndiyo maana nyuzi zimefumuka. Nilikaa vibaya! Nani aliniambia Jumatatu niko dukani?

Nina risiti, nina picha zenye tarehe, nina maandishi ya mkunga. Kesho kutwa nakwenda kwenye baraza la madaktari kupeleka malalamiko. Aliyewahi kufika pale anijibu: wanapokea bila faili la kliniki, au nitarudishwa mlangoni?