Mjadala: Kodi ya miezi sita kwa mkupuo Dar, ipigwe marufuku au iachwe?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa uzito. Kila tukizungumzia makazi nafuu Dar es Salaam tunaishia kwenye kujenga: Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) wajenge, Wakala wa Majengo (TBA) wajenge, wabia waletwe. Nyumba zikikamilika nyingi zinauzwa, na anayenunua ni mwenye mshahara wa kukopesheka benki. Hata pale serikali ilipofanya vizuri, Magomeni Kota, nyumba zilizozinduliwa 2022 zilikuwa za kaya 644. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka huohuo. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Buza hayumo kwenye kaya hizo 644, na kinachomuumiza kwanza si bei ya mwezi, ni mkupuo.

Chukua chumba na sebule cha 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, 600,000. Dalali anataka yake ya mwezi mmoja, 100,000. Hujanunua hata kitasa, 700,000 imeshatoka. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000, na hapo makato bado. Sasa mama lishe, bodaboda au kijana wa mizigo Kariakoo, ambaye hela yake inaingia leo na kutoka leo, 700,000 ya siku moja anaitoa wapi?

Anakopa. Mwenye nafuu anasubiri zamu yake ya mchezo (upatu) au anakwenda VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Asiye na kikundi anaingia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, anaandikisha friji na TV kuwa dhamana. Wengine walikimbilia mikopo ya kwenye simu, hadi Benki Kuu (BoT) ikazifungia programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Ukijumlisha riba, chumba hicho si cha 100,000 tena.

Jirani yangu hapa Tandika anauza chapati. Kodi ikikaribia kuisha unaona kwenye meza yake: aliyekuwa ananunua ngano mfuko wa kilo 25 anaanza kupimiwa kilo mbili mbili dukani, kwa bei ya juu zaidi, maana mtaji ndio unaokusanywa kwa ajili ya mwenye nyumba. Akishalipa, anaanza kuutafuta upya huo mfuko. Akiupata, kodi nayo imekaribia tena.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba tulikuwa nayo, ya 1984, ikafutwa 2005. Sitaki irudi ilivyokuwa, maana kodi ya kupangiwa ilifika mahali haitoshi hata kupaka rangi jengo. Ninachotaka ni kidogo. Kwanza, mwenye nyumba asidai zaidi ya miezi miwili. Pili, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) iruhusiwe kugharamia kodi ya kuanzia. Leo ni ya biashara tu, wakati kwa muuza chapati kodi ndiyo inayokula biashara.

Mwenye nyumba, Mbagala:

Mkuu, nimekusoma kwa heshima, ila umeandika upande mmoja. Nina vyumba sita, nimevijenga kwa kudunduliza. Kila nilipopokea kodi ya miezi sita ndipo nilipopaua chumba kinachofuata. Benki hawanikopeshi, kiwanja changu kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, hati sina. Ukinipa 50,000 kila mwezi itaishia kwenye mboga na ada za watoto, vyumba havitaongezeka, na vikipungua kodi inapanda kwa wote.

La pili ni kubwa zaidi. Mpangaji akiacha kulipa nimpeleke wapi? Baraza la Kata lilinyang'anywa uwezo wa kuamua mwaka 2021, sasa kazi yake ni kusuluhisha. Ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kesi inaahirishwa na yeye yumo ndani, anakula umeme wa LUKU ya wenzake. Ile miezi sita ndiyo kinga yangu. Ukiipiga marufuku nitapangisha kwa wenye ajira tu, na muuza chapati wako atakosa chumba kabisa.

Mpangaji, Sinza:

Nilipanga Nairobi kabla ya kurudi. Kule unalipa mwezi na dipoziti, unahamia, na watu hawajaacha kujenga. Ila tusidanganyane, ukichelewa kidogo tu unaweza kurudi jioni ukakuta kufuli lingine mlangoni. Na dalali mmemwacha salama? Anakudai hela ya kuonyeshwa chumba ambacho kilishapangishwa wiki iliyopita.

Mleta mada:

Kaka wa Mbagala, la baraza umesema kweli na naliongeza kwenye hoja yangu. Bila mahali pa karibu pa kumtoa asiyelipa, marufuku itabaki kwenye karatasi na watu watalipana miezi sita gizani. Baraza la Kata lirudishiwe uwezo kwa madeni ya kodi za vyumba, na lipewe siku 30 za kuamua. Limlinde na mpangaji asipigiwe kufuli kama alivyosema mwenzetu wa Sinza.

Lakini hilo la kupaua chumba kwa kodi siwezi kukuachia. Unachoeleza hapo ni mkopo. Mpangaji wako anakukopesha wewe laki tatu bila riba, na yeye kaikopa kwa riba ya kila wiki. Mnyonge kuliko wote kwenye mtaa ndiye anayefadhili ujenzi wa mtaa, na mwisho wa siku hana tofali lake hata moja. Wewe pia unahitaji mkopo wa ujenzi, sikatai, na ni haki yako kuudai serikalini pamoja na urasimishaji wa kiwanja chako. Ukiandika waraka wa kudai hayo, nitausaini pamoja na wewe. Mkopo huo usiuchukue tu kwa mpangaji.

Udalali nao uwekewe kikomo, na alipe yule aliyemtuma kazi.

Swali langu kwako na kwa wenye nyumba wengine: mkihakikishiwa kwamba asiyelipa anatoka ndani ya siku 30, mtapokea miezi miwili? Na kama bado hapana, ni kinga gani nyingine mnayoihitaji? Jibuni mkitaja eneo mlilopo na aina ya vyumba, maana Masaki na Mbagala hatuwezi kuziwekea kanuni moja.