Naomba ushauri: kukodi gari la kuendesha mwenyewe, Mtwara hadi Rondo

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nataka kukodi gari hapa Mtwara mjini nimpeleke mama na shangazi harusini Rondo, kule Lindi. Hadi Mnazi Mmoja ni lami, sina shaka. Ninachohofia ni kile kipande cha kupanda mlima na hawa wazee ndani.

Mwenye gari ananiambia, "Bima ipo, usijali." Nikamuuliza kubwa au ndogo, akazunguka zunguka. Ninavyojua, bima ndogo inamlipa mtu wa tatu niliyemgonga. Gari lenyewe likiumia, hasara inatuangukia sisi. Stika nitaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, hilo naliweza. Lakini je, kama bima ilikatwa kwa matumizi binafsi, na yeye analikodisha, kampuni italipa kweli? Hili ndilo linaninyima usingizi, maana mkataba wake ni karatasi moja tu inayosema "anayekodi atawajibika kwa uharibifu wowote". Wowote! Hata kioo kikipasuliwa na jiwe la lori?

Na kwa bima kubwa, inayolipia hata gari lenyewe, ile sehemu ya kwanza ya hasara anayobeba mteja, huwa mnaiandikaje kwenye mkataba ili isigeuke baadaye?

Gari nitalipiga picha pande zote, niangalie tairi, la akiba na jeki. Mikanda ya nyuma nayo, haina mjadala. Kuna kingine cha kukagua kabla sijatoa hela? Waliowahi kukodi huku kusini, tafadhali nisaidieni.