Kuhamisha faili za uchapaji kutoka mashine moja ya IBM i kwenda nyingine

Mhasibu wa Mitambo, Dodoma
Habari za kazi, wataalamu. Ofisi yetu inahamia Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, kutoka Dar es Salaam. Mashine ya zamani ina IBM i (mfumo endeshi wa IBM) toleo la 7.2, na mpya ina 7.4. Kwenye foleni za printa kuna ripoti nyingi za malipo ambazo hazikuwahi kuchapwa, na wakaguzi bado wanazihitaji. Nikitumia CPYSPLF, amri ya kunakili faili za uchapaji, ninapata maneno matupu: mpangilio wa kurasa, jina la mwenye faili na tarehe ya kuundwa vyote vinapotea. Je, kuna njia ya kuzihamisha zikiwa kamili?

FundiAreaC
Ndugu, njia ipo tangu toleo la V5R4 lililotoka mwaka 2006, ingawa wengi waliozoea mashine za kabla ya hapo bado wanahangaika na CPYSPLF. Usihifadhi faili mojamoja, bali hifadhi foleni yenyewe kwa amri ya SAVOBJ, aina ya kitu ikiwa *OUTQ (yaani foleni ya uchapaji), na kwenye kigezo cha SPLFDTA uandike *ALL. Usipokigusa kigezo hicho, foleni itahifadhiwa tupu bila mfumo kulalamika, nawe utagundua siku ya kurejesha. Upande wa pili tumia amri ya kurejesha, RSTOBJ, ambayo kwa kawaida yake hurejesha faili ambazo bado hazipo kwenye mashine hiyo.

Kabla ya kurejesha, hakikisha wasifu wa watumiaji wenye ripoti hizo umeshahamishwa, maana umiliki unategemea hilo. Pia izuie foleni isichapishe kwa amri ya HLDOUTQ, la sivyo printa yenye kazi iliyokwisha kuanzishwa inaweza kuanza kumwaga karatasi za miaka iliyopita.

Mkazi wa Kikuyu
Naongezea kuhusu usafirishaji. Mkiiweka foleni iliyohifadhiwa kwenye faili ya hifadhi na kuituma kwa FTP (njia ya kutuma faili kwa mtandao), chagueni hali ya binari. Hali ya maandishi huiharibu kabisa. Mkitumia mkanda, msiusome mara tu unaposhuka kwenye gari. Uacheni ndani ya chumba cha mitambo kwa saa 24, kwa kuwa unatoka kwenye unyevu wa pwani na kuingia kwenye ukavu wa Dodoma.

Mhasibu wa Mitambo, Dodoma
Nashukuru sana, ndugu zangu. Wakaguzi je, ambao hawana akaunti kwenye mfumo?

FundiAreaC
Hao watengenezee PDF. CPYSPLF hiyohiyo, ukiielekeza *TOSTMF (faili ya kawaida) na kuweka *PDF kwenye kigezo cha WSCST, inatoa PDF, ilimradi programu ya IBM ya kugeuza faili, 5770-TS1, imesakinishwa. Ila PDF ni nakala ya kusoma tu, hairudi kuwa faili ya foleni. Kwa hiyo fanya yote mawili, na mashine ya zamani usiifute mpaka uwe umefungua baadhi ya ripoti kwenye mpya na kulinganisha idadi ya kurasa.